Soko Huria na Uhakiki wa Fasihi ya Kiswahili: Nafasi ya Msomaji wa Mofu, Bonde la Kilombero

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, uhakiki wa fasihi ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliathiriwa sana na mkabala wa Kimarx. Kazi ilipimwa kwa msimamo wake wa kitabaka. Riwaya pendwa, zikiwemo za Elvis Musiba na Ben Mtobwa, mara nyingi zilihesabiwa kuwa bidhaa za kuburudisha tu. Kuuzika kwake kulitiliwa shaka badala ya kuchunguzwa.

Mkabala wa soko huria unaligeuza suala hilo. Mwaka 1945, F. A. Hayek alieleza kwamba bei hukusanya maarifa yaliyotawanyika miongoni mwa watu wengi, maarifa ambayo mpangaji mmoja hawezi kuyapata yote. Mwaka 2009, Paul Cantor na Stephen Cox waliyahamishia mawazo ya jadi hiyo katika fasihi. Walisisitiza kuwa soko humpa mwandishi mrejesho wa wasomaji, kama ilivyokuwa kwa riwaya za karne ya 19 zilizochapishwa kwa mfululizo magazetini. Kwa mtazamo huo, aliyetoa shilingi zake kununua riwaya ya Musiba alitoa hukumu, na mhakiki anawajibika kuieleza.

Hata hivyo, historia ya uchapishaji nchini Tanzania inadai tahadhari. Mwaka 1991 sera ilifungua uchapishaji wa vitabu vya shule kwa kampuni binafsi. Mwaka huohuo Walter Bgoya, aliyekuwa meneja mkuu wa shirika la umma la Tanzania Publishing House, alianzisha Mkuki na Nyota. Wachapishaji waliongezeka, lakini shule ziliendelea kuwa soko kuu, na vitabu teule viliendelea kuamuliwa na mamlaka za elimu. Mfano ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ambayo ilipigwa marufuku shuleni, kisha baadaye ikawa kitabu cha kufundishia. Mauzo ya kitabu cha namna hiyo hueleza uamuzi wa ofisi kabla ya kueleza mapenzi ya msomaji.

Udhaifu huo huonekana zaidi Mofu, kata ya wakulima wa mpunga na wavuvi. Fedha ya mkulima hutegemea mavuno, na kitabu hushindana na mbegu, sare za shule na matibabu. Nyimbo na ngano za Wandamba na Wapogoro, nazo, hurithishwa bila kuuzwa. Hapa ladha na hukumu ya kifasihi ipo, ila hakuna bei inayoibeba. Kipimo cha mauzo pekee kingeyaona mahali hapa kuwa hapana fasihi.

Kwa hiyo, nadharia ya soko humfaa mwanahistoria wa fasihi endapo atatenganisha maswali matatu: nani analipa, nani anachagua na nani anasoma au kusikiliza. Mkabala wa Kimarx ulimsemea msomaji. Soko, likitumiwa bila utenganisho huo, litamsahau asiye na fedha.