Fahamu: Filamu ya familia za Wasomali Wabantu, na undugu wao na Uzigua

Wahamiaji wa Marekani wakitajwa, wengi hufikiria Wamexico. Filamu ya My Family ya mwaka 1995, iliyoongozwa na Gregory Nava, inasimulia vizazi vitatu vya familia ya namna hiyo mjini Los Angeles. Ila ipo nyingine inayotugusa zaidi sisi wa Morogoro. Ni Rain in a Dry Land ya mwaka 2006, ya Anne Makepeace. Jina lake maana yake ni mvua katika nchi kavu.

Inahusu nini?

Ni filamu ya maisha halisi, siyo maigizo. Inafuata familia mbili za Wasomali Wabantu kutoka kambi ya Kakuma, Kenya. Moja, ya baba, mama na watoto, inapelekwa Springfield, Massachusetts. Ya pili, ya mama anayelea peke yake, inapelekwa Atlanta, Georgia. Kambini wanafundishwa jinsi ya kuishi kwenye nyumba za huko. Wakishafika, kazi ngumu ni kutafuta ajira, kulipa kodi na kujua lugha. Watoto wanashika Kiingereza upesi, wazazi wanabaki nyuma.

Wasomali Wabantu ni nani?

Ni wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka Tanzania, Msumbiji na Malawi za leo, wakalimishwa mashamba ya kusini mwa Somalia. Wamo wenye asili ya Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wazaramo na Wazigua. Wengi leo huongea Kimaay, lugha ya huko Somalia.

Wazigua wana simulizi yao. Wazee wao husema ukame na njaa kali viliwasukuma hadi pwani, wakadanganywa na kuuzwa. Baadaye walitoroka wakiongozwa na mwanamke, Wanakhucha, wakaweka makazi kwenye misitu ya mto Juba. Huko walitunza Chizigula hadi leo.

Kwa nini waliondoka tena?

Vita vya mwaka 1991 viliwakuta hawana ukoo wenye silaha wa kuwatetea. Waliporwa chakula, wengi wakauawa. Waliobaki walikimbilia kambi za Dadaab, Kenya. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kuwapokea, na kundi la kwanza liliondoka mwaka 2003. Zaidi ya 12,000 walipelekwa huko.

Wengine walirudi nchi ya mababu. Walipokelewa Handeni, mkoani Tanga, wakapewa mashamba katika makazi ya Chogo, na serikali ikawafungulia njia ya uraia. Walikutana na Wazigua wa hapo wakaelewana kwa lugha, ingawa zaidi ya miaka 100 ilikuwa imepita.

Sisi yatuhusu nini?

Wazigua, Wakami, Wakutu na Waluguru ni majirani, na lugha zetu zinakaribiana. Watu wale hawakuwa na kitabu wala cheti cha kuonyesha walikotoka. Walichokuwa nacho ni lugha na simulizi za wazee. Hivyo ndivyo vilivyowatambulisha Handeni.

Hapa Mkuyuni ukoo hufuata upande wa mama, na watoto wengi wanahamia mjini wakiwa hawajui hata jina la ukoo huo. Msikilizaji, bibi yako akiwa bado hai, muulize ukoo wenu ulitoka wapi na ulipitia wapi. Mrekodi kwa simu yako, kwa Kiluguru chake mwenyewe, kisha mtumie ndugu yako aliye mbali.