Kadi za Besiboli: Kutoka Tishari la Takataka hadi Mamilioni ya Dola

Mwaka 1960 Sy Berger, mfanyakazi wa kampuni ya Topps ya Brooklyn, New York, alikuwa na ghala lililojaa kadi za besiboli za mwaka 1952 zisizotakiwa na mtu. Alikuwa amejaribu kuwauzia wenye viwanja vya maonyesho, akashusha bei hadi kadi kumi kwa senti moja, wakazikataa. Mwishowe, kwa simulizi yake mwenyewe, alipakia mamia ya makasha kwenye tishari la takataka, likakokotwa hadi Bahari ya Atlantiki, na shehena yote ikamwagwa majini. Humo zilikuwamo kadi namba 311, zenye picha ya Mickey Mantle wa New York Yankees. Agosti 2022 kadi moja ya namba hiyo iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Hakuna kadi ya mchezo wowote iliyokuwa imewahi kufikia bei hiyo.

Historia ya bei hizi ni historia ya vitu vilivyotupwa.

Kadi zenyewe zilianza kama kikorombwezo cha biashara ya tumbaku. Katika karne ya 19 kampuni za sigara za Marekani zilitia kipande cha karatasi ngumu ndani ya pakiti ili sigara zisivunjike, kisha zikagundua kwamba picha ya mchezaji inamrudisha mnunuzi dukani. Kati ya 1909 na 1911 American Tobacco Company ilitoa mfululizo wa kadi zaidi ya 500 tofauti, ambao wakusanyaji wanauita T206. Kadi ya Honus Wagner wa Pittsburgh ilisitishwa mapema. Wapo wasemao kwamba Wagner hakutaka watoto wanunue tumbaku kwa sababu ya sura yake. Wengine wanasema alitaka alipwe. Kwa vyovyote vile, zinazojulikana kubaki ni takriban 60 tu, na mwaka 2022 mojawapo iliuzwa kwa dola milioni 7.25.

Baada ya sigara ikaja chingamu. Topps iliuza chingamu, na mwaka 1951 Berger alikaa kwenye meza ya jikoni kwake akabuni kadi za mwaka 1952, kubwa kuliko zilizozoeleka: picha ya rangi, jina na sahihi ya mchezaji upande wa mbele, takwimu zake upande wa nyuma. Ziliandaliwa 407, zikatolewa kwa awamu. Awamu ya mwisho, iliyoanza na Mantle, ilifika madukani msimu ukielekea ukingoni. Watoto walikuwa wameshahamia kwenye futiboli ya Kimarekani, na wenye maduka hawakutaka mzigo mpya. Ndiyo iliyojaa ghalani.

Hata zile chache zilizouzwa hazikutunzwa. Watoto walizifunga kwa raba bendi, wakazibana kwenye spoku za baiskeli ili ziungurume kama pikipiki, na walipokua mama zao walitupa maboksi yote. Ndiyo maana hali ya kadi ina uzito mkubwa kwenye bei. Mtaalamu huangalia pembe nne kama bado ni kali, kingo kama hazijachubuka, uso kama hauna mikwaruzo, na picha kama imekaa katikati ya pambizo. Tangu kampuni ya PSA ilipoanzishwa mwaka 1991, kazi hiyo hufanywa na kampuni za kupima, zinazoipa kadi alama hadi 10 na kuifungia ndani ya plastiki. Mantle wa dola milioni 12.6 alipewa 9.5 na kampuni ya SGC. Mwingine wa alama 9 alikuwa ameuzwa Januari 2021 kwa milioni 5.2.

Fedha za namna hiyo huita udanganyifu. Kadi ya Wagner iliyokuwa mashuhuri kuliko zote, ambayo nyota wa hoki Wayne Gretzky na mwenzake waliinunua mwaka 1991 kwa dola 451,000, ilikuwa imekatwa kingo ili ionekane mpya. Mfanyabiashara Bill Mastro alikiri hilo mahakamani mwaka 2013.

Wengi huamini kwamba kadi ya chipukizi, yaani ya msimu wa kwanza wa mchezaji katika ligi kuu, ndiyo ghali daima. Mantle anaivunja kanuni hiyo: kadi yake ya chipukizi ni ya kampuni ya Bowman ya mwaka 1951, na bei yake haiikaribii ile ya Topps. Wanunuzi wanalipia mfululizo wa kwanza mkubwa wa Topps, na simulizi ya tishari.

Miaka ya 1980 watu wazima walikumbuka utoto wao, vitabu vya bei vikatoka, na kila mtu akaanza kuhifadhi. Mwaka 1989 kampuni ya Upper Deck ilimpa chipukizi Ken Griffey Jr. namba 1 katika mfululizo wake wa kwanza. Picha ilikuwa ya siku zake za ligi ndogo, na kofia ikapakwa rangi ionekane ya Seattle Mariners. Griffey alipiga mipira 630 ya kuvuka uwanja, akaingia kwenye Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2016. Hata hivyo, kadi hiyo bado inanunuliwa na mtu wa mshahara wa kawaida, kwa sababu viwanda vilichapa bila kiasi na hakuna aliyetupa zake.

Viwanda vikajifunza. Sasa uhaba unatengenezwa kwa makusudi: kadi inachapwa moja tu na kuandikwa 1/1. Kadi ya mchezaji Mike Trout ya namna hiyo, iliyotolewa mwaka 2009 kabla hajagusa ligi kuu, iliuzwa Agosti 2020 kwa dola milioni 3.94.

Machi 2025 ikafuata ya Paul Skenes, yenye sahihi yake na kipande cha jezi aliyovaa katika mechi yake ya kwanza. Mtoto wa miaka 11 wa Los Angeles aliikuta ndani ya pakiti. Timu ya Skenes, Pittsburgh Pirates, ilimwahidi mtoto huyo tiketi za msimu kwa miaka 30 akiipa kadi. Familia ikachagua mnada, na kadi ikauzwa kwa dola milioni 1.11. Bei ya Mantle inasimama juu ya maisha ya mchezo yaliyokamilika mwaka 1968 na kadi ambazo hakuna anayeweza kuziongeza. Aliyenunua ya Skenes amelipia miaka ambayo mrusha mpira wa umri wa miaka 22 alikuwa bado hajaicheza, na kiwanda kinaweza kutoa 1/1 nyingine kila mwaka.