Usomeshaji wa Nyumbani: Istilahi na Tafiti Zake

Neno la Kiingereza homeschooling limeingia katika mazungumzo ya wazazi wa Nairobi na Dar es Salaam bila kupata jina moja la Kiswahili. Wapo wanaosema elimu ya nyumbani, wapo wa shule ya nyumbani, wapo wa masomo ya nyumbani, na wengi huliacha kama lilivyo. Istilahi ninayoitetea hapa ni usomeshaji wa nyumbani. Maana yake ni hii: mzazi au mlezi anabeba mwenyewe jukumu la masomo ya mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule. Yeye ndiye anayeamua mtoto asome nini, kwa vitabu gani, na nani amfundishe.

Katika maana hiyo, nyumba ni jambo la pili. La kwanza ni mamlaka ya mzazi, na ndiyo maana elimu ya nyumbani haitoshi. Kwa Mswahili, elimu ya nyumbani ni adabu, heshima na kazi za mikono ambazo kila mtoto hupewa na wazazi wake hata akiwa mwanafunzi wa bweni. Masomo ya nyumbani nayo yanakaribiana mno na kazi za nyumbani, yale mazoezi ambayo mwalimu humpa mwanafunzi aondoke nayo. Pwani tuna mfano mwingine unaosaidia kufikiri. Tangu zamani watoto wamejifunza Kurani katika chuo kilichokuwa barazani au sebuleni kwa mwalimu. Ile ni nyumba, na masomo ni masomo, lakini mwenye mamlaka ya ufundishaji ni mwalimu, na mzazi amempeleka mtoto kwake kama anavyompeleka shuleni. Vivyo hivyo mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, mtoto aliyefuata vipindi vya redio au kazi zilizotumwa na mwalimu wake kwa simu alikuwa bado mwanafunzi wa shule yake.

Tofauti hii wamekutana nayo watafiti wa Marekani, nchi ambako jambo hili limehesabiwa kwa muda mrefu. Kituo cha Taifa cha Takwimu za Elimu cha huko kilipofanya hesabu mwaka 1999, ilibidi kwanza kiweke mipaka. Mtoto anayekwenda shuleni kwa saa chache alihesabiwa kuwa anasomeshwa nyumbani, mradi saa hizo zisizidi 25 kwa wiki. Aliyebaki nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa muda hakuhesabiwa. Kwa kipimo hicho walipatikana watoto wapatao 850,000, sawa na asilimia 1.7 ya wanafunzi. Kufikia 2007 walikuwa kama milioni 1.5, asilimia 2.9.

Mwaka 2020 Ofisi ya Sensa ya Marekani iliuliza kaya swali kama hilo. Majira ya kuchipua, asilimia 5.4 ya kaya zenye watoto wa umri wa shule zilijibu kwamba zinasomesha nyumbani. Majira ya kupukutika kwa majani, swali likarekebishwa ili wazazi wasichanganye usomeshaji wa nyumbani na masomo ya shule yanayotolewa kwa kompyuta. Hata baada ya marekebisho hayo kiwango kilifika asilimia 11.1, na katika kaya za Wamarekani Weusi kilipanda kutoka asilimia 3.3 hadi 16.1. Ukubwa wa ongezeko hilo unaaminika zaidi kwa sababu maana ya swali ilikuwa imekazwa.

Sababu za wazazi ndilo jambo linalopendwa zaidi na magazeti, na ndilo linaloharibika kirahisi zaidi. Mwaka 1999 wazazi wa Marekani waliachwa waeleze sababu kwa maneno yao, kisha watafiti wakazipanga. Karibu nusu yao walisema wanaweza kumpa mtoto elimu bora zaidi nyumbani, na asilimia 38 wakataja dini. Kuanzia 2003 mzazi alisomewa orodha ya sababu, akaambiwa ataje zinazomhusu, kisha achague iliyo kubwa kuliko zote. Mwaka 2007, asilimia 36 walichagua mafundisho ya dini au maadili. Baadaye dini ikatenganishwa na maadili. Mwaka 2016 iliyoongoza ilikuwa wasiwasi juu ya mazingira ya shule, kama vile usalama, dawa za kulevya na shinikizo la wenzao, kwa asilimia 34. Mafundisho ya dini yalibaki na asilimia 16.

Je, wazazi wa Marekani wamepunguza dini? Kwa takwimu hizo peke yake, hakuna anayeweza kusema hivyo kwa uhakika. Ukivunja jibu moja kuwa majibu mawili, kila moja litaonekana dogo. Tena maneno mazingira ya shule ni kapu kubwa. Watafiti Ama Mazama na Garvey Lundy, katika utafiti wao wa 2012 kuhusu familia za Wamarekani Weusi, walikuta wazazi wanaosomesha nyumbani ili kuwakinga watoto na ubaguzi wa rangi unaowapata madarasani. Mzazi wa namna hiyo akisomewa orodha ataweka alama kwenye mazingira, sawa na yule anayeogopa bangi, na watu wawili wenye vilio tofauti kabisa watahesabiwa pamoja. Utafiti wa mahojiano marefu unapata kile ambacho orodha haiwezi kukipata.

Kuhusu namna ya kusomesha, jina lililodumu ni la mtafiti Jane Van Galen. Katika miaka ya 1980 aliwagawa wazazi hao makundi mawili: wenye itikadi, ambao hugombana na kile shule inachofundisha, na wenye falsafa ya ufundishaji, ambao hugombana na jinsi inavyofundisha. Wa kwanza mara nyingi walikuwa Wakristo wahafidhina walionunua mitaala iliyopangwa tayari, wakaendesha nyumba kwa ratiba na mitihani. Wa pili walikuwa karibu na John Holt, aliyeanzisha jarida la Growing Without Schooling mwaka 1977 na kueneza wazo la kujifunza bila shule, ambapo mtoto hufuata anachokitamani kujua. Kwa sababu ya kundi hili la pili, jina shule ya nyumbani linapotosha, maana wao wanaikimbia shule yenyewe, kengele na ubao vikiwemo. Leo mgawanyo huo ni mwembamba mno. Robert Kunzman na Milton Gaither, waliopitia tafiti nyingi za eneo hili na kuchapisha mapitio yao mwaka 2013, wanaonyesha familia zinazochanganya njia, zinazoanza na ratiba kali kisha kuilegeza, na zinazofundishiana watoto katika vikundi vya wazazi.

Na mzazi anayesomesha nyumbani kwa kawaida ni mama. Jennifer Lois, katika kitabu chake cha 2013, ameeleza akina mama walioelemewa na kazi ya kufundisha, kupika na kulea kwa wakati mmoja. Kila takwimu isemayo mzazi amesomesha, isomwe kwa kukumbuka jasho la nani limetoka.

Hapo linakuja neno jingine linalotuchanganya, utafiti wenyewe. Magazeti yetu huandika utafiti umeonyesha, yakifunika chini ya blanketi moja kazi za aina mbalimbali. Utafiti wa kaya, kama ule wa Kituo cha Takwimu, huchagua sampuli ili iwakilishe nchi nzima. Mapitio ya tafiti, kama ya Kunzman na Gaither, hayamhoji mzazi yeyote. Hupima yale ambayo wengine wameyapata. Upo pia utafiti wa waliojitokeza wenyewe, na huo ndio unaonukuliwa kupita kiasi. Mwaka 1999 Lawrence Rudner alichapisha alama za watoto zaidi ya 20,000 waliosomeshwa nyumbani, na alama zilikuwa za juu sana. Lakini familia hizo zilikuwa zimenunua mtihani kutoka idara ya chuo kikuu kimoja cha Kikristo, asilimia 94 ya watoto walikuwa Wazungu, na karibu wote waliishi na wazazi waliooana. Rudner mwenyewe aliandika wazi kwamba kazi yake haithibitishi kuwa usomeshaji wa nyumbani ni bora kuliko shule. Onyo hilo halinukuliwi.

Ukitaka ulinganisho wa haki zaidi, tazama kazi ndogo ya Kanada ya 2011 iliyoongozwa na Sandra Martin-Chang: watoto 37 wa nyumbani na 37 wa shule. Kati ya wale wa nyumbani, 25 waliosoma kwa mpango waliwashinda wa shule, na 12 wasio na mpango walikuwa nyuma ya wote. Idadi ni ndogo, lakini inatufundisha kuuliza namna kabla ya kusifu au kulaani jina.

Pingamizi kubwa dhidi ya istilahi yangu ni kwamba Bara, kusomesha ni kulipa ada. Mtu husema anasomesha watoto watatu, na hajawahi kushika chaki. Zanzibar na Mombasa, anayesomesha ni anayefundisha. Nami naona maana hizo mbili zinakamilishana: mzazi huyu ndiye anayefundisha na ndiye anayenunua vitabu. Pia neno linaunda familia yake bila shida, mzazi msomeshaji na mtoto anayesomeshwa nyumbani.

Jina hili litahitajika mbele ya sheria pia. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya 1978 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 zinamtaka mzazi amwandikishe mtoto shuleni. Mjadala wa kumruhusu au kumkataza mzazi msomeshaji hauwezi kuendeshwa kwa neno linalomchanganya mwanawe na mtoro, au na mtoto aliyekosa shule kwa umaskini. Kwa hiyo nawaomba wahariri na watunga sera watumie usomeshaji wa nyumbani kwa jambo hili peke yake, na kila wanapoandika utafiti umeonyesha, waseme nani aliulizwa na aliulizwa vipi.