Pagale: Historia Fupi ya Nyumba Isiyokwisha

Toka Kawe, pitia Ukwamani na Mzimuni, kisha endelea Mbezi Beach hadi Tegeta. Karibu kila mtaa utaiona: nyumba iliyoishia kwenye lenta, nondo zimechomoza juu na kushika kutu, mpapai umeota mahali palipokusudiwa kuwa sebule. Watu huliita pagale. Dalali akiliuza ataliita boma, kwa kuwa boma lina bei na pagale lina aibu. Vijana tunawatania wazazi wetu kwa hilo: miaka 15 mnajenga, mpaka leo hamjapaua.

Utani huo unasahau kwamba pagale lina historia, na kwamba historia hiyo ina la kumfaa mtu anayetaka kuanza kujenga leo.

Zamani pagale lisingewezekana. Kunduchi, kaskazini mwa Kawe, yapo magofu ya msikiti na makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa yamepambwa kwa sahani za kaure za China. Mawe hayo yalishikanishwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la magogo. Ilikuwa kazi ya gharama, ya wenye mali. Wengine walijenga kwa miti, fito na udongo, wakaezeka makuti. Nyumba hiyo ilihitaji ndugu, majirani na majuma machache ya kiangazi, na ilipochoka ilikandikwa upya. Jambo moja tu haikuliweza, nalo ni kusubiri. Ukuta wa udongo ukikutwa na masika bila paa, unarudi ardhini. Mtu alijenga akamaliza, au hakujenga kabisa.

Wakoloni wakaugeuza udongo kuwa suala la sheria. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za mwaka 1891 ziliigawa Dar es Salaam kwa aina ya majengo: karibu na bahari nyumba imara za mtindo wa Kizungu, mbali zaidi vibanda vya wenyeji. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo, na mpaka leo tunazo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini katika lugha yetu. Huko Uswahilini ndiko ilikokomaa nyumba tunayoijua wote: vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma. Mwenye nyumba alilala chumba kimoja na familia yake, vingine akapangisha, kodi ikalipia bati, kisha sakafu, kisha choo. Tabia ya kuijenga nyumba kidogo kidogo huku watu wanaishi ndani ilianza huko, kabla saruji haijawa ya wengi.

Kisha saruji ikasogea jirani. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill kilianza uzalishaji, kikichimba jiwe la chokaa la pwani hiyohiyo iliyowapa wajenzi wa Kunduchi mawe yao. Kawe ilikuwa tayari na kiwanda cha nyama cha Tanganyika Packers, kilichoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, na watu wa mshahara waliotaka kujenga karibu na kazi. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipotathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamika kwamba Watanzania wameshikwa na ugonjwa wa bati na saruji, ambayo aliiona kuwa ni udongo tu, ila wa Ulaya. Alitaka tuchome matofali na vigae vyetu. Serikali ilikuwa imeanzisha Kitengo cha Utafiti wa Majengo mwaka 1971, ambacho baadaye kikawa wakala tunaoujua kama NHBRA, kutafuta namna za kujenga kwa bei nafuu, yakiwemo matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo.

Mwalimu alikuwa na hoja kuhusu udongo. Ila watu nao walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo ilihusu fedha zaidi ya fahari.

Benki ya Nyumba ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Miaka hiyohiyo serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ili watu wajijengee wenyewe. Lakini mkopo wa benki ulitaka hati na kipato cha kueleweka, na wengi hawakuwa na kimoja wala kingine. Ikaja vita ya Kagera, ukaja uhaba wa bidhaa, kisha miaka ya 1980 shilingi ikaporomoka. Mwaka 1995 Benki ya Nyumba yenyewe ikafa. Mwalimu wa shule aliyeweka mshahara benki aliukuta umeyeyuka. Aliyenunua mifuko mitano na kufyatua tofali aliyakuta matofali yake palepale uani.

Angalia vizuri hapo. Mfuko wa saruji nao hausubiri. Unyevu wa pwani huugandisha ndani ya miezi michache. Kinachosubiri ni tofali. Ndiyo maana watu hawakulimbikiza mifuko, walifyatua. Na ndiyo maana ukuta ukapanda hadi lenta ukasimama miaka minane: ulikuwa kitabu cha akiba. Ada za watoto zilipoisha, au mafao yalipotoka, akiba ikaendelea kupanda.

Ukuta ulikuwa na kazi ya pili. Tangu mwaka 1963 ardhi yote nchini ni ya umma, na mtu ana haki ya kuitumia. Kwa Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, fidia ilihesabiwa zaidi kwa kilichoendelezwa juu ya ardhi. Kiwanja kitupu kilikuwa kama hakina thamani. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilibadilisha hilo, lakini somo lilikuwa limeshaingia vichwani: weka msingi haraka, hata kama huna fedha ya kuta. Msingi ulikuwa ushahidi. Mjumbe aliuona, majirani waliuona, barua ya mauziano ya serikali ya mtaa ikapata mwili.

Ushahidi huo una mpaka. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016, nyumba za bonde la Msimbazi zilipigwa alama ya X na kubomolewa. Mwaka 2017 ikawa zamu ya nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kwenda Kiluvya. Zilikuwamo zilizokamilika, zenye vigae na mageti. Saruji inasubiri popote ulipoiweka, hata mahali ambapo hukupaswa kuiweka.

Kwa hiyo, kama umepata kiwanja, rithi subira ya wazazi wako ila badilisha mpangilio. Fedha ya kwanza isinunue saruji. Iende kwenye upekuzi wa hati, kwenye mchoro wa mipango miji pale manispaa, kwa mpimaji wa kukuonyesha bikoni zilipo, na kwenye kibali cha ujenzi. Kawe ina bahari upande mmoja na mito ya Mlalakua na Mbezi ikiipitia jirani. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe.

Ukifyatua, simamia mwenyewe. Mafundi waangalifu hutoa matofali 30 hadi 35 ya inchi 6 kwenye mfuko wa kilo 50. Anayekutolea 50 anakuuzia mchanga. Yamwagilie maji siku saba. Na usikubali mchanga wa mtoni eti kwa sababu ni rahisi: kuchimba mchanga katika mito ya ukanda huu ni mojawapo ya sababu za ufukwe wa Kunduchi kuliwa na bahari.

Ukikwama, kwama kwa adabu. Nondo zilizobaki wazi zipake uji wa saruji. Juu ya ukuta tandaza tabaka la udongo wa saruji ili maji yasipenye. Anza kupaua vyumba viwili na choo, uhamie, kodi unayolipa sasa igeuke mabati.

Na kabla ya yote hayo, mtafute mama mtu mzima aliyekaa mtaa huo siku nyingi, umwamkie, kisha umuulize mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 maji yalifika wapi. Akinyoosha kidole kwenye kiwanja chako, msikilize yeye kuliko dalali.