Hesabu za Nyumbani Enzi za Rupia na Frasila

Mwalimu anayemwamuru mwanafunzi aonyeshe njia, asiridhike na jibu tupu hata likiwa sahihi, aghalabu hudhaniwa kuwa anafuata desturi iliyoletwa na skuli za serikali. Ilhali watu wa mwambao waliizoea taratibu hiyo tangu zamani, katika darasa za faraidhi, ambako wanafunzi wa chuoni walifundishwa kugawa mirathi. Elimu hiyo haivumilii jibu lisilo na njia, kwa kuwa jibu lake ni mali ya watu. Kwanza hutolewa gharama za maziko na madeni ya marehemu, kisha wasia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wagawiwe kilichosalia. Marehemu akiacha mke, mama na mwana mmoja wa kiume, mke ana thumuni na mama ana sudusi. Mafungu hayo hayajumlishiki mpaka itafutwe namba inayogawanyika kwa 8 na kwa 6 pia, nayo ni 24: mke hupata 3, mama 4, na mwana huchukua 17 zilizobaki. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, alitenga sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa masuala ya namna hii hii.

Skuli za serikali zilipofunguliwa Unguja na Mombasa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20, uzito wa hesabu haukuwa katika tarakimu bali katika vipimo visivyopatana: wakia 16 kwa ratili, ratili 35 kwa frasila, vibaba 4 kwa pishi, dhiraa 4 kwa pima, na rupia, kabla haijawa ya senti 100, ilikuwa na pesa 64. Kila safu ilikuwa na sheria yake, na mtoto aliyeruka hatua moja alipotea moja kwa moja.

Natutwae fumbo moja la namna ile. Mkulima ana karafuu frasila 3 na ratili 14, na bei ni rupia 5 kwa frasila. Atapata kiasi gani? Skuli ilitaka frasila zivunjwe kwanza: 3 mara 35 ni 105, ongeza 14, jumla ratili 119, na maadamu rupia 5 ni za ratili 35, rupia moja ni ya ratili 7, basi 119 zigawanywe kwa 7, zitoke rupia 17. Mtoto alipolichukua fumbo hilo nyumbani, baba aliyezoea mizani ya sokoni hakuwa na haja ya kalamu: frasila 3 ni rupia 15, ratili 14 ni khumsi mbili za frasila, yaani rupia 2, zimetimia 17. Kwa insafu, njia ya baba ni nzuri zaidi. Lakini ya skuli haimtupi mtu pale ratili zinapokataa kugawanyika.

Sarafu nazo zilizidisha kazi. Mwaka 1920 serikali ya Uingereza iliikaza rupia ya Afrika Mashariki kwa thamani ya shilingi 2, jambo lililowaliza walowezi wa Kenya waliokuwa na madeni ya rupia; shilingi ya senti 100 ikafuata baada ya muda mfupi. Unguja ilibaki na rupia, iliyofuata ile ya Hindi katika kushuka kwake, hata tarehe 1 Januari 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi 1 na senti 50. Kwa hiyo zile rupia 17 za mkulima wetu zilikuwa shilingi 34 kwa kipimo cha Mombasa, na shilingi 25 na senti 50 kwa kipimo cha Unguja, wala hakuna mwanafunzi aliyekosea.

Baada ya uhuru kilo ilichukua nafasi ya ratili na frasila, na karafuu za Unguja na Pemba sasa hununuliwa kwa kilo. Pishi ndiyo iliyokataa kuondoka: kila Ramadhani inapokwisha, zaka ya fitri hutajwa kuwa pishi moja ya chakula kwa kila nafsi, nayo aghalabu hukadiriwa kilo 2 na nusu, na mwenye nyumba ya watu 7 hana budi kuzidisha.