Una meko ya kuotea moto sebuleni? Hatari kubwa iko juu, ndani ya bomba la moshi

Ukiwa Njombe, Makete, Mufindi au Lushoto kati ya Juni na Agosti, jioni bila moto ni mateso. Wenzetu wa Limuru, Kinangop na Nyahururu kule Kenya wanalijua baridi hilo vizuri. Ndiyo maana nyumba nyingi za zamani za mashamba ya chai na za misheni zina meko sebuleni, na siku hizi hata nyumba mpya zinajengewa.

Tukishawasha, wengi tunaangalia mbele tu: cheche isirukie zulia, mtoto asisogee. Ni sawa kabisa. Lakini kuna moto mwingine unaoweza kuanza mahali ambapo hakuna anayetazama, yaani ndani ya bomba la moshi, au dohani kwa jina lake la Kiswahili.

Haya ndiyo mambo ya kujua kabla hujawasha.

Kwa nini dohani inashika moto?

Moshi wa kuni unabeba mvuke wa maji, masizi na chembechembe za kuni ambazo hazikuungua. Ukipanda na kukuta kuta za dohani bado ni za baridi, unaganda. Kinachobaki ni uchafu mweusi unaonata kama lami. Jina lake ni kriosoti.

Shida ni kwamba kriosoti inaungua. Tabaka likishakuwa nene, moto mkali wa jioni moja unatosha kuliwasha. Joto ndani ya dohani linaweza kupita nyuzi 1,000 za Sentigredi. Hapo plasta na matofali yanapasuka, na moto unapenya kwenye ufa hadi kwenye kenchi na dari. Wewe umekaa chini unakunywa chai, kumbe mbao juu ya kichwa chako zimeshaanza kuungua.

Kosa linaanzia kwenye kuni

Watu hubishana kama mwati ni bora kuliko mkaratusi au paina. Swali la kwanza ni jingine: kuni ni kavu au mbichi?

Kuni mbichi hutumia joto lake kukausha maji yaliyomo ndani. Moto unakuwa mvivu, moshi unakuwa mwingi na wa baridi, na kriosoti inajijenga haraka. Kuni nzuri zina unyevu chini ya asilimia 20.

Huna kipimo? Fanya hivi:

- Gonganisha vipande viwili. Kuni kavu hulia kwa mlio mkali, mbichi hutoa sauti nzito ya "du".
- Tazama ncha zake. Kavu zina nyufa, na gamba hubanduka kirahisi.
- Zikiwaka huku zinatoa povu pembeni, bado ni mbichi.

Pasua kuni mapema, zipange zikiwa na nafasi, funika juu tu ili upepo upite pembeni. Zipe angalau miezi 6, ikiwezekana mwaka mzima.

Usichome plastiki, mbao zilizopakwa rangi wala masalia ya nguzo zilizotiwa dawa, kwa sababu moshi wake ni sumu. Maboksi pia yaache, maana karatasi inayowaka inaweza kupaa na kuwasha masizi yaliyo juu. Na usiwashe kwa petroli, hata kama kuni zimekataa kushika.

Lini usafishe?

Kagua na kusafisha dohani angalau mara 1 kwa mwaka, kabla ya msimu wa baridi. Kama unawasha kila siku, kagua mara nyingi zaidi. Kriosoti ikifikisha unene wa milimita 3, usiwashe tena mpaka isafishwe.

Kazi hiyo hufanywa kwa burashi ngumu ya waya inayolingana na upana wa dohani. Mdomo wa meko unazibwa kwa turubai ili masizi yasijae sebuleni, na anayesafisha anavaa barakoa na miwani. Paa likiwa na maji, msipande.

Ukimwita fundi, mwombe aangalie na haya:

- Je, kuna nyufa ndani au kwenye plasta ya nje?
- Je, mbao za paa zimekaa angalau sentimita 5 kutoka kwenye dohani?
- Je, dohani imepanda angalau mita 1 juu ya paa pale inapotokea?
- Je, juu kuna kofia yenye wavu wa kuzuia ndege na cheche?

Swali la mbao ni muhimu sana kwenye nyumba mpya. Wapo mafundi wanaojenga meko kama pambo, wakaegemeza kenchi moja kwa moja kwenye matofali ya dohani.

Moto wa "kulala nao" ni hatari mara mbili

Kuna tabia tuliyoizoea: usiku mtu anarundika kuni mbichi, anaziba njia ya hewa, ili moto ufuke hadi asubuhi. Huo ndio moto unaotengeneza kriosoti nyingi zaidi.

Pia unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Dohani ikiwa imeziba kwa masizi au kiota cha ndege, gesi inarudi ndani mlimolala. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuishiwa nguvu. Mkiamka wote mnaumwa kichwa, msidhani ni baridi. Tokeni nje kwanza, kisha tafuteni matibabu.

Jiko la mkaa ni hatari zaidi, kwa sababu halina dohani kabisa. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, lakini gesi inaendelea kutoka. Usilale nalo chumbani, hata kwa nusu saa.

Kila unapowasha

1. Choma kwanza kipande kimoja cha gazeti. Moshi ukirudi sebuleni, usiendelee. Njia imeziba.
2. Acha dirisha wazi kidogo.
3. Weka wavu wa chuma mbele ya meko. Makochi, mapazia na nguo za kuanika ziwe umbali wa mita 1 au zaidi.
4. Usiende kulala moto ukiwa unawaka.
5. Jivu lizoe kwa ndoo ya bati yenye kifuniko, uiweke nje mbali na nyumba. Kaa la moto linaweza kukaa hai ndani ya jivu kwa siku kadhaa, kwa hiyo ndoo ya plastiki au kiroba ni kujitafutia balaa.

Dohani ikiwaka, ufanye nini?

Utasikia mngurumo kama wa lori kubwa, na nje utaona cheche au moto ukitoka juu.

Toa kila mtu nje kwanza. Piga simu: Tanzania, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Kenya ni 999 au 112. Kama meko yana mlango au kifuniko na unaweza kukifikia salama, kifunge ili moto ukose hewa.

Usimwage maji mekoni. Mvuke utakuunguza, na matofali yaliyopata moto yanaweza kupasuka.

Hata ukizimika wenyewe, usiwashe tena siku inayofuata. Kaa na baridi siku chache hadi fundi akague dohani yote kwa ndani, kwa sababu ufa uliofunguka leo ndio njia ya moto ujao kufika kwenye dari.