Nani Atashika Simu?

Julai 2024, wiki chache baada ya Mswada wa Fedha kuondolewa, tulikutana katika ukumbi mdogo mtaani kwetu, watu kama thelathini hivi, tukagombana kuhusu simu. Simu yenyewe ni yangu. Laini yake ndiyo iliyokuwa ikipokea michango ya dhamana na bili za hospitali. Dada mmoja akasimama, akaniuliza bila matusi: "Wewe, kwani nani alikuchagua?"

Nilikosa jibu. Jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyenichagua. Barabarani tuliimba kwamba hatuna kiongozi, hatuna kabila, hatuna chama, na tulimaanisha. Kiongozi ananunulika. Kiongozi anatekwa usiku. Sawa, lakini pesa hazikai hewani, zinakaa kwa simu ya mtu.

Usiku huo ndipo nilianza kusoma kuhusu SNCC, vijana weusi wa Marekani waliokuwa wakijiita "Snick". Nilidhani swali letu ni jipya. Wapi!

Februari 1960, wanafunzi wanne waliketi kwenye kaunta ya wazungu dukani huko Greensboro, North Carolina, wakakataa kutoka. Mtindo ukasambaa Kusini kote. Ella Baker, mama wa miaka 56 aliyekuwa akiendesha ofisi ya shirika la Martin Luther King, akaomba dola 800 za shirika hilo na kuwaita wanafunzi Raleigh wikendi ya Pasaka. Wakubwa walitaka vijana wawe tawi lao. Baker, ambaye mshahara wake ulitoka kwa wakubwa haohao, aliwaambia vijana wasikubali. Alikuwa amechoka na harakati zinazomngoja mhubiri mmoja aje kuziokoa. Kwake, kazi ya mratibu ni kuwafanya watu wa kijiji wajiongoze wenyewe, kisha ahame.

Basi wakajitawala hivyo. Mwenyekiti alikuwepo, ofisi ilikuwepo Atlanta, lakini uamuzi ulipitishwa kwa kukubaliana, hata mkikesha. Waliotumwa mashambani walilipwa dola 10 kwa wiki, 9.64 baada ya kodi. (Hiyo senti 64 ndiyo inanifanya niwaamini. Mtu alihesabu.)

Agosti 1961, huko Highlander, Tennessee, nusura wavunjike. Kundi moja lilitaka maandamano na kuketi kwenye kaunta. Lingine lilitaka kuandikisha wapiga kura, kazi ambayo serikali ya Kennedy iliipenda na wafadhili walikuwa tayari kuilipia. Wa kwanza wakasema hizo pesa ni za kutupoza. Si umewahi kusikia hiyo mahali? Baker, ambaye kwa kawaida hakuwaamulia, safari hii alipendekeza njia: matawi mawili, Diane Nash aongoze maandamano, Charles Jones aongoze uandikishaji. Mwezi uliofuata, huko Mississippi, mkulima Herbert Lee, aliyekuwa akisaidia uandikishaji, alipigwa risasi na mbunge wa jimbo. Mbunge hakufungwa. Ubishi wa Highlander ukaisha wenyewe, maana huko kujiandikisha kupiga kura kulikuwa ni maandamano tosha.

Sisi pia tumo kwenye hadithi hii. Kaulimbiu yao ya mtu mmoja, kura moja, walisema wazi kwamba ni kilio cha Afrika. Desemba 1963, mwezi uleule wa uhuru wetu, Oginga Odinga alipita Atlanta. Vijana wa SNCC wakamtembelea hotelini, kisha wakaingia mkahawa wa jirani, wakanyimwa huduma, na baadhi yao wakakamatwa. Mwaka uliofuata John Lewis, mwenyekiti wao, alikuwa Nairobi, na hapa ndipo yeye na mwenzake walikutana na Malcolm X.

Lakini tangu 1964 mambo yalianza kuwa magumu. Kiangazi hicho wanafunzi wengi wazungu walikuja Mississippi kusaidia, na baadhi wakabaki. Kundi la watu wachache waliojuana kwa majina ya utani likawa shirika kubwa lenye magari na madeni. Novemba walikutana Waveland kujadili muundo. James Forman alitaka kamati yenye nguvu na nidhamu. Wengine waliona huo ni mwanzo wa ubosi. Wanawake wakaleta waraka bila majina yao, wakiuliza kwa nini wao ndio huandika kumbukumbu za kikao huku wanaume wakiamua. Bob Moses, ambaye watu walimsikiliza kupita kiasi, aliogopa heshima hiyo hadi akabadilisha jina, akaondoka. Baadaye alifundisha hesabu Tanzania, 1969 hadi 1976. Ninamheshimu, lakini nadhani alikosea. Ukiwa na nguvu na ukakataa kuitaja, hakuna anayeweza kukuuliza chochote.

Mei 1966, Kingston Springs, Tennessee, Lewis alichaguliwa tena kuwa mwenyekiti. Usiku ukaenda, watu wakachoka, baadhi wakaenda kulala. Mtu mmoja akapinga uchaguzi, wakarudia kura, na kufikia alfajiri mwenyekiti alikuwa Stokely Carmichael. Pengine ndiye waliyemtaka kweli. Shida ni kwamba hawakuwa wamekubaliana mapema kura inaisha lini. Miaka michache baadaye, huku polisi na FBI wakiwaandama, SNCC haikuwepo tena.

Nimechapisha taarifa ya laini yote, kurasa kumi na moja. Ziko sehemu mbili ambazo sikumbuki pesa zilienda wapi, shilingi 3,400 jumla, na nimezizungushia kalamu nyekundu. Jumamosi tunakutana ukumbi uleule. Yule dada ameniambia atakuja na kikokotoo.